Sauti Nyuma ya Sauti

Darasa letu halina ukuta. Lina maduara saba,
na ndani ya kila duara herufi moja
kama chapa ya ng'ombe.
Mimi ni M, Mukhwana, karani wa mizani,
Muhoroni, zamu ya usiku,
matrekta ya miwa yamepanga foleni hadi barabarani.

Sura zao sizijui. Kamera hula bando.
Nawajua kwa yaliyo nyuma yao:
Odera ni nyundo. Yuko Kibuye, kwenye mabati,
hujibu swali kati ya pigo na pigo.
Jeruto ni mvua. Ikianza kule Nandi
hatumpati tena mpaka kesho.
Na Kageha wa Mbale ni jogoo,
jogoo asiyejua saa,
huwika saa tatu usiku
Daktari Aluoch anapofika kwenye fomula.
"Mwenye jogoo azime kipaza," husema,
kisha, kwa uchovu, "na mwenye trekta."

Nazima.
Ndivyo tunavyosoma sisi: kwa kuzimana.

Juma la tano tulifundishwa wastani.
Jumlisha vyote, gawa kwa idadi.
Kageha akasahau kuzima.
Kwanza sufuria, iliyotuliwa chini kwa kishindo.
Halafu sauti ya mwanamume, wala haikuwa kali,
hilo ndilo lililoniuma, haikuwa kali,
ilikuwa sauti ya mtu anayehesabu:
"Hamsini ya jana. Hamsini ya leo. Hamsini ya kesho.
Hiyo ni gorogoro, Mama Kisia."

Maduara saba yalikodoa macho yasiyokuwa nayo.
Hata nyundo ilisita.
Daktari akakohoa, akasema tuangalie
jinsi wastani unavyoficha:
mmoja ashibe, mwenzake alale na maji,
hesabu itaapa kwamba wote wamekula nusu.
Sijui kama hilo lilikuwa kwenye maandalio yake.

Juma la sita, hakuna jogoo.
La saba, hakuna.
Napima trekta, tani kumi na mbili na robo,
sikio moja kwa dereva, moja kwa simu.
Nikamwandikia Odera: Jogoo wetu yuko wapi?
Akajibu: Mimi nimetuma mia. Jeruto hamsini.
Wewe?

Nilituma yangu usiku huo, nikiona haya,
maana simu haijui kuficha jina la mtoaji.
Kageha hakuandika kitu.
Ila juma la nane, saa tatu na dakika chache,
fomula ikiwa nusu,
aliwika!
Na Daktari hakusema mtu azime.

Mtihani ulikuwa Kisumu, ukumbi wa kukodi,
watu wazima na miguu yao.
Tulitazamana kwa kuibia
kama maharusi walioposana kwa barua.
Msimamizi akatuamuru kuzima simu.
Swali la tatu likanikwamisha.
Mbele yangu mtu mwenye kucha nyeusi, iliyopondeka,
akaanza kugonga meza kwa kalamu.
Pigo. Kimya. Pigo.
Pembeni, mwanamke aliyejifunga leso mabegani
akainua kichwa,
akatabasamu kwenye karatasi yake.

Nje nilimfuata. "Wewe ndiye jogoo?"
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Jogoo ndiye aliyenileta. Ameuzwa Jumanne. Ndiye nauli."
Akakunja leso, akaikunjua.
"Baba Kisia ndiye aliyempeleka sokoni.
Alirudi na pesa yote.
Hata ya chumvi hakutoa."

Muhula mpya umeanza.
Saa tatu usiku, fomula inakaribia,
Daktari Aluoch anasita kidogo
kama mtu aliyeinua mguu kuvuka kizingiti
akakuta kimeng'olewa.
Nje trekta linanguruma, dereva anataka risiti.

Sijazima.